Poka ya Jumanne baani: wasomaji wetu wa Uingereza wanauliza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Uingereza, na karibu zote zinahusu mchezo mmoja. Poka imetoka kasino ikaingia baa za mitaani, mabweni ya vyuo na sebule za watu, na Waswahili walioko huko wanaalikwa na wenzao wa kazini kila wiki. Tumechagua barua zinazogusa mambo ambayo wengi huyakosea. Sheria tunazozitaja hapa ni za England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake, na haina kasino hata moja.

Ndugu mhariri, baa iliyo karibu na ghala ninakofanya kazi ina poka kila Jumanne saa moja jioni. Kiingilio pauni 5. Mimi nimekulia mahali ambapo kamari ya baani ni ya kukimbizana na polisi. Nikikutwa pale itakuwaje?
*Mfanyakazi wa ghala, Leicester*

Haitakuwa lolote, ilimradi baa yenyewe inafuata mipaka. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika rasmi Septemba 1, 2007, inaziruhusu baa zenye leseni ya pombe kuchezesha poka bila leseni ya kamari, lakini kwa vipimo vidogo sana. Mtu mmoja asiweke zaidi ya pauni 5 kwa mchezo. Baa nzima, kwa siku nzima, isipokee dau la poka linalozidi pauni 100. Zawadi ya mchezo isipite pauni 100. Piga hesabu mwenyewe: watu 20 kwa pauni 5 wanatimiza 100. Akija wa 21 na pauni yake 5, baa imevunja sheria hata kama kila kitu kingine kimenyooka.

Kuna mambo mawili ambayo baa nyingi hujikwaa. La kwanza ni kununua tena. Mtu ameishiwa chipu (vidude vinavyosimama badala ya pesa mezani), anatoa pauni 5 nyingine arudi mezani. Ile ni sehemu ya dau lake la mchezo uleule, kwa hiyo ameshafika pauni 10. Wakitaka kuruhusu kununua tena, kiingilio kiwe pauni 2.50 na nafasi ya kurudi iwe moja tu. La pili ni makato. Baa hairuhusiwi kukata hata senti kwenye fungu (pesa yote inayoshindaniwa), wala kutoza ada ya kushiriki. Pesa yote iliyoingia inarudi kwa wachezaji. Ukiambiwa "pauni 5 ya mchezo na pauni 3 ya meza", au kwamba lazima ununue sahani ya chakula ndipo ukae, hiyo ni ada iliyovikwa nguo nyingine. Ondoka.

Angalia pia kama kila mtu analipa kwa pesa taslimu kabla ya karata kugawiwa. Kucheza kwa mkopo hakuruhusiwi, na wala usimkopeshe mwenzako pale mezani hata kama ni ndugu. Wenye umri chini ya miaka 18 hawachezi. Chukua pasi au leseni ya udereva, kwa sababu ukionekana kijana utaulizwa.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi: mkicheza sebuleni kwa mtu, hakuna kikomo cha dau kilichowekwa na sheria, ila mwenye nyumba asitoze chochote. Akianza kukusanya "ya umeme", mchezo umeacha kuwa wa faragha.

Nilifika huku mwaka 1997 na sikuona mtu akicheza poka isipokuwa kwenye sinema za kina kauboi. Sasa hata muuguzi mwenzangu wa zamu ya usiku anazungumzia blaindi. Imetokea wapi?
*Mama wa watatu, Milton Keynes*

Mama, imetokea kwenye televisheni. Mwaka 1999 Channel 4 ilianza kuonyesha kipindi cha poka cha usiku wa manane kilichorekodiwa Cardiff. Kabla ya hapo, kutazama poka ilikuwa sawa na kutazama watu wakinuniana: huoni karata, kwa hiyo huelewi nani anadanganya. Wale waliweka vioo kwenye meza na kamera chini yake, mtazamaji akaziona karata za kila mmoja. Ghafla mchezo ukawa na hadithi. Unamwona mtu hana kitu mkononi, anasukuma chipu zake zote mbele, na mwenye karata nzuri anazitupa na kujitoa. Mshindi wa mfululizo wa kwanza alikuwa Dave Ulliott wa Hull, akawa mtu mashuhuri.

Halafu ukaja mwaka 2003. Mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker (ndilo jina lake halisi), aliingia mashindano ya dunia ya Las Vegas kwa tiketi aliyoishinda kwenye intaneti kwa dola chache, akawapiga wachezaji 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Kila mwenye kompyuta akajiona anaweza. Mwaka 2006 mashindano yaleyale yaliingiza watu 8,773. Mwaka huohuo mwandishi wa habari wa Uingereza, Victoria Coren, alishinda hatua ya London ya ligi ya poka ya Ulaya na kupata pauni 500,000, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2014 akashinda tena Sanremo, akawa mtu wa kwanza kulitwaa taji hilo mara mbili. Hilo la Coren tunalipa uzito wake, kwa sababu meza za baa za Uingereza zilianza kuwa na akina mama wengi zaidi baada ya watu kumwona.

Sheria ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango wa baa. Pauni 5 kwa saa tatu za mchezo na wenzako ni rahisi kuliko tiketi ya sinema, na baa zilikuwa zinatafuta kitu cha kuwaleta watu siku za katikati ya wiki. Hapo ndipo ulipo ukuaji wenyewe. Hawa wanaocheza mamilioni kwenye televisheni ni wachache, na haiwahusu sana wasomaji wetu.

Mimi ni Mkenya, nimekulia Eldoret. Poka naijua toka primari! Ukibaki na moja unasema "niko kadi". Nilikaa nao mezani juzi wakaniangalia kama nimetoka mwezini. Nielezeni.
*Kijana wa Reading*

Ndugu yetu, hukukosea, ni majina tu yamegongana. Poka ya mtaani Kenya, ile ya 2 na 3 za kuokotesha, J ya kuruka, K ya kurudisha, 8 na Q za kuuliza swali, ni mchezo wa kumaliza karata mkononi. Watanzania wengi wanauita lasti kadi. Poka ya huko Uingereza haina uhusiano nao. Hapa humalizi karata; unatafuta mkono bora wa karata tano, na unaweza kushinda bila kuwa nao.

Aina inayochezwa baani ni Texas Hold'em. Shika hatua hizi.

Mbele ya mtu mmoja kuna kidude cha duara, alama ya mgawaji. Inasogea mtu mmoja kushoto kila mkono, yaani kila karata zinapogawiwa upya. Wawili walio kushoto kwake wanaweka pesa kabla ya kuona chochote: wa kwanza blaindi ndogo, wa pili blaindi kubwa, tuseme 25 na 50. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Anayefuata baada ya blaindi kubwa ndiye anayeanza kusema: anatupa, anafuata 50, au anapandisha, na kiwango cha chini cha kupandisha kwa mara ya kwanza ni kufika 100. Wakiisha kusawazisha, mgawaji anatupa karata moja kifudifudi, kisha anafunua tatu katikati ya meza. Hizi ni za wote. Dau tena, safari hii akianza aliye kushoto kwa alama. Karata ya nne, dau. Karata ya tano, dau la mwisho. Waliobaki wanafunua, na kila mmoja anachukua tano bora kati ya saba: mbili zake na tano za mezani. Ukitaka kutumia moja tu ya zako, sawa. Ukitaka kutumia tano za mezani zote, sawa pia, ila hapo la zaidi utakalopata ni kugawana na wote waliobaki.

Mpangilio wa nguvu kutoka chini: karata kubwa pekee, jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, streti (tano zinazofuatana), flashi (tano za aina moja, ziwe kopa, shupaza, uru au pau), fulu hausi (tatu na mbili), nne za namba moja, na juu kabisa streti flashi. Wageni wengi huuliza kwa nini flashi inaipiga streti. Jibu ni hesabu tu. Kwenye karata 52 kuna mikono 2,598,960 ya karata tano. Streti za kawaida ni 10,200, flashi ni 5,108, fulu hausi ni 3,744. Kilicho adimu zaidi ndicho chenye nguvu. Kumbuka pia kwamba aina hazipitani: flashi ya shupaza haiishindi ya kopa kwa sababu ya shupaza. Zinalinganishwa karata kwa karata kuanzia ile kubwa, na ree ndiyo kubwa.

Jambo moja linalozua ugomvi mwingi kuliko mengine: mwenye chipu chache. Tuseme wewe umebakiwa na 500, wenzako wawili wana 1,200 kila mmoja, na wote mmeweka zote. Wewe unaweza kushinda 500 tu kutoka kwa kila mmoja, kwa hiyo fungu lako ni 1,500. Zilizobaki, 700 mara mbili, zinakuwa fungu la pembeni la 1,400 kati ya wale wawili pekee. Litengeni pale pale, kabla ya karata inayofuata kufunuliwa. Mkisubiri mwisho, hamtakumbuka nani aliweka nini.

Chama chetu cha wanajumuiya kinachangia kusafirisha mwili wa marehemu kwenda nyumbani. Vijana wamependekeza usiku wa poka badala ya harambee ya kawaida. Inawezekana kisheria? Na tunahitaji vitu gani kwa watu 20?
*Katibu wa chama, Manchester*

Poleni sana na msiba. Inawezekana, na kanuni zake ni tofauti na za baa. Huu unaitwa mchezo usio wa biashara: pesa isiingie mfuko wa mtu yeyote, na washiriki waambiwe mapema inakwenda wapi. Kila mtu asilipe zaidi ya pauni 8 kwa siku, kila kitu kikiwa ndani yake, na jumla ya zawadi isizidi pauni 600. Kwa watu 20 mnakusanya pauni 160. Toeni zawadi ya 30, 20 na 10, zibaki pauni 100 za msiba. Wengi huongeza sadaka pembeni kwa hiari. Isiwe sharti la kucheza. Tungewashauri pia muwaulize wafiwa kwanza. Kuna familia ambazo karata na matanga haviwezi kukaa pamoja, na hilo ni lao kuamua.

Vifaa. Meza tatu, watu 7, 7 na 6. Msiwaweke kumi meza moja. Mchezo unakuwa wa kusubiri, na anayekaa kona haoni karata za katikati. Sanduku moja la chipu 500 linatosha mkigawa hivi: kila mtu apate 8 za thamani ya 25, 8 za 100, 4 za 500 na 2 za 1,000. Jumla yake ni 5,000 kwa mtu, na chipu 22. Kwa watu 20 mmetumia 440. Zinabaki 60 za kubadilishia. Nyingi katika hizo ziwe za 1,000. Chipu za sanduku la dukani hazina namba mara nyingine, hivyo andikeni thamani ya kila rangi kwenye karatasi kubwa, muibandike ukutani. Msitegemee kukumbuka.

Sasa saa. Blaindi zisipopanda, mtakesha. Kila dakika 15 pandisheni hivi: 25 na 50, 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200. Pumziko la dakika 10, na hapo mnaziondoa chipu zote za 25 mkiwabadilishia watu kwa kubwa. Mwenye kipande kisichofika 100 apandishiwe apewe 100 nzima, msibishane. Mnaendelea 200 na 400, 300 na 600, 400 na 800, 500 na 1,000. Pumziko la pili, ondoeni za 100 kwa njia ileile. Halafu 1,000 na 2,000, 1,500 na 3,000, 2,000 na 4,000, 3,000 na 6,000. Chipu zote chumbani ni 100,000. Blaindi kubwa ikifika 4,000, kuna blaindi 25 tu kwa watu wote waliobaki, na mchezo hujimaliza wenyewe. Mkianza saa moja kamili jioni, saa nne na robo mnafunga ukumbi.

Mtu mmoja asiyecheza ashike saa na maamuzi. Huyu ndiye muhimu kuliko chipu. Mchezaji akiwa ndiye mwamuzi, uamuzi wa kwanza tu wa kumfaidi utaharibu usiku. Watu wakipungua, sogezeni wa meza kubwa kwenda ndogo ili tofauti isizidi mmoja, na wakibaki 8 waketi meza moja, wapige kura ya viti upya.

Nimeshazoea baa, nataka kujaribu kasino London na rafiki yangu. Kuna mambo ya kujua?
*Dereva wa basi, Croydon*

Yapo, na la kwanza litawashangaza: msizungumze Kiswahili mezani. Kasino nyingi za Uingereza zina kanuni ya Kiingereza tu wakati mkono unaendelea. Sababu yake si dharau. Watu wawili wakisema lugha ambayo wengine hawaielewi, hakuna anayejua kama wanaambiana karata. Mkisema "vipi, umechoka?" mtaonywa, mkirudia mnaweza kusimamishwa mkono mmoja au zaidi. Mkono ukiisha, semeni mnavyotaka.

La pili ni chipu moja kubwa. Blaindi ni pauni 1 na 2. Unataka kupandisha hadi 25, unarusha chipu moja ya 25 kimya kimya. Mgawaji atasema umefuata, na atakurudishia pauni 23. Chipu moja bila neno ni kufuata. Sema "raise" kwanza, kwa sauti, ndipo uweke. Na ukiweka, weka mara moja. Kuweka chipu chache, kuangalia uso wa mwenzako, kisha kuongeza nyingine hakukubaliki, na zile za mwanzo tu ndizo zinazohesabiwa. Ile ya sinema, "nafuata 200 zako... na naongeza 500", nayo haifanyi kazi: ulishasema unafuata.

Msishauriane hata kama mmoja ameshatupa. Mkono mmoja, mtu mmoja. Karata zako zisivuke ukingo wa meza kwenda mapajani. Chipu kubwa ziwe mbele, zionekane.

Upande wa pesa, tofautisheni mashindano na meza ya pesa taslimu. Kwenye mashindano kiingilio kinaandikwa kwa vipande viwili, mfano pauni 50 na 10: 50 inaingia kwenye zawadi, 10 ni ya nyumba, yaani kasino, na hasara yenu haiwezi kupita 60. Kwenye meza ya pesa taslimu kila chipu ni pesa, na nyumba inakata kwenye kila fungu. Chukua mfano wa meza ambayo wastani wa makato ni pauni 2 kwa mkono, na mikono ni 25 kwa saa. Pauni 50 zinatoka mezani kila saa. Mkiwa 9, kila mmoja anatozwa karibu pauni 5 na nusu kwa saa kabla hajapoteza hata chipu moja kwa mwenzake. Ndiyo maana mchezaji mzuri kidogo tu kuliko wenzake bado anarudi nyumbani amepungukiwa. Tunawashauri muanze na mashindano.

Ushindi wa mchezaji wa kawaida Uingereza haukatwi kodi. Tumeulizwa hilo na wasomaji kadhaa.

Nilikuwa na 8 na 6 za kopa. Zikafunuliwa 2 ya kopa, K ya kopa na J ya pau. Fungu lilikuwa na 600, mwenzangu akaweka 300. Nikafuata, kopa haikuja, akaweka tena, nikafuata tena, nikaliwa zote. Nilikosea wapi?
*Mwanafunzi, Coventry*

Umeuliza vizuri, na umetupa namba, kwa hiyo tunaweza kukujibu kwa namba.

Una kopa nne. Kopa ziko 13, umeziona 4, zimebaki 9 za kukuokoa kati ya karata 47 usizoziona. Nafasi ya kopa kuja kwenye karata inayofuata ni 9 kwa 47, asilimia 19. Njia ya haraka ya mezani: zidisha karata za kukuokoa kwa 2, unapata 18, karibu sawa. Ukihakikishiwa kuona karata zote mbili zilizobaki, zidisha kwa 4: asilimia 36 kwa makisio, 35 kwa hesabu kamili.

Sasa bei. Fungu 600, yeye kaweka 300, yaani kuna 900 za kushinda na wewe unatoa 300. Ukifuata, fungu ni 1,200 na mchango wako ni robo yake. Unahitaji asilimia 25 usipoteze wala kupata. Una 19. Kwa hiyo kufuata kulikuwa ghali.

Kama zile 300 zingekuwa chipu zake za mwisho, jibu linageuka. Asingekuwa na kitu cha kukutoza tena, ungeona karata zote mbili kwa bei moja, na asilimia 35 inazidi 25. Hapo unafuata bila kusita. Wengi wanatumia ile namba ya 4 wakati mwenzao bado ana chipu tele, wakilipa mara mbili kwa kitu walichokipigia hesabu mara moja. Hilo ndilo kosa lako.

Na ungekuwa na ree ya kopa badala ya 8? Ree tatu nyingine nazo zingeweza kukuokoa dhidi ya mwenye jozi ya K. Karata 12 kwa 47 ni asilimia 25 na nusu, na kufuata kunakuwa sawasawa na bei. Tena flashi yako ingekuwa kubwa kuliko zote. Kwa 8 na 6, hata kopa ikija, mwenye kopa mbili kubwa kuliko zako anakusubiri.

Mdogo wangu anacheza poka ya mtandaoni usiku kucha. Mshahara unaisha tarehe 10. Anasema hii si kamari, ni ujuzi. Nifanye nini?
*Dada mkubwa, Birmingham*

Dada, ujuzi upo kweli, lakini sheria haiutazami hivyo. Mwaka 2007 klabu ya Gutshot ya London ilipofikishwa mahakamani, hoja ilikuwa hiyohiyo, na jopo la mahakama liliikataa. Sheria ya 2005 nayo inasema wazi kwamba mchezo wenye bahati na ujuzi kwa pamoja ni mchezo wa kubahatisha. Na hata ukiuacha mjadala huo, mwenye ujuzi anaweka kumbukumbu. Mwombe akuonyeshe daftari au orodha: tarehe, kiingilio, saa alizocheza, alichotoka nacho. Asiye na orodha hajui kama anashinda. Anakumbuka tu usiku mzuri. Mwambie hivyo kwa upole, si mbele ya watu.

Akikubali kusimama, kuna vizuizi vya kweli. GamStop ni bure: anajiandikisha mwenyewe mtandaoni kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na barua pepe zake zote, anachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya Uingereza zinalazimika kumfungia. Hawezi kufuta kabla ya muda kwisha. Wewe huwezi kumwandikia kwa niaba yake. Aweke barua pepe zote, kwa sababu aliyoisahau ndiyo atakayoitumia usiku akizidiwa. GamStop haizigusi tovuti zisizo na leseni, kwa hiyo afunge pia kupitia benki. Programu za benki nyingi za huko zina kitufe cha kuzuia malipo ya kamari, na ukikizima kinasubiri saa kadhaa au siku kabla ya kuachia. Muda huo wa kusubiri umewaokoa wengi. Kwa kasino za kawaida upo mpango wa kujizuia unaoitwa SENSE. Kadi za mkopo zimepigwa marufuku kwa kamari tangu Aprili 14, 2020, kwa hiyo angalia mikopo ya haraka na madeni kwa marafiki. Ndiko pesa zinakotoka.

Ipo pia simu ya taifa ya msaada wa kamari, ya bure, saa 24. Na wewe dada unaweza kuipiga, si lazima awe yeye. Usimlipie madeni kabla vizuizi havijawekwa.

Tungependa kuanzisha ligi kama hizo hapa Dar. Tufuate vipimo vya Uingereza?
*Kundi la marafiki, Sinza*

Hapana. Pauni 5 na pauni 100 ni za huko tu. Tanzania mchezo wowote wa kubahatisha wa pesa uko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003. Andikeni barua kwao kabla hamjakusanya shilingi. Mkicheza kwa pointi bila kiingilio, mnaweza kujifunza mchezo wote bila kugusa pesa. Kuna hata aina ya timu, Match Poker, ambayo viti vyenye namba ileile kwenye meza zote vinapewa karata zilezile, na timu inapimwa kwa namna ilivyozitumia kuliko wengine. Bahati ya mgao inaondoka. Mnahitaji meza mbili, watu wa kutosha na mtu mvumilivu wa kupanga karata kabla ya kila mkono.

Karata za karatasi au za plastiki?
*Fundi umeme, Slough*

Plastiki tupu, siyo karatasi iliyopakwa plastiki. Karatasi ikipata unyevu wa glasi inapinda kona moja, na baada ya wiki mbili mwenye macho anajua ree iko wapi. Nunua pakiti mbili zenye migongo ya rangi tofauti: moja inagawiwa, nyingine inachangwa na aliyekaa kando ya mgawaji, mnapata mikono zaidi kwa saa. Zichangwe angalau mara nne, zikatwe na mtu wa kulia kwa mgawaji. Baada ya mchezo zifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, zikauke kabisa kabla ya kurudi kwenye sanduku. Na zihesabu. Zikiwa 51, tafuta chini ya meza kabla ya kumlaumu mtu.